Ajenda ya Tatu: Moyo wa Mhunzi

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Mapenzi ya Kubuni, Ajenda ya Tatu: Moyo wa Mhunzi. Ndivyo ilivyoandikwa ubaoni, kwa wino mwekundu.

Hapo zamani, ila si zamani ya babu zetu, maana gemu za kompyuta zilikuwepo, palikuwa na kampuni ndogo mjini Morogoro, juu ya duka la magodoro. Humo Mwajabu aliandika maneno ya gemu ambamo mchezaji husafiri, hupigana na, akijaliwa, hupendwa. Wahusika wote walikwisha kugawiwa mioyo, yaani nani wampende, isipokuwa Mhunzi, asiyevua kofia yake ya chuma, hata haijulikani ni mwanamume au mwanamke. Saa nane mwigizaji angekuja kurekodi sauti yake. Muda ulitosha kurekodi kisa kimoja tu cha mapenzi. Na Mwajabu alimpenda Mhunzi kuliko wote aliowahi kuwaandika. Hakutaka atolewe ovyo.

Wakaitwa walioijaribu gemu, kila mtu adai chake.

Koku akaanza: "Da Mwajabu, wachezaji wa mapenzi ya mume na mke mmewawekea wachumba tele. Mimi mwanamke ninayependa wanawake nimepewa mmoja, naye mkamfanya aliwe na mamba sura ya pili. Hata maua sijampa! Mhunzi awe mwanamke, awe wangu."

"Pole kwa msiba," akasema Damas. "Ila wewe ulipendwa, japo kidogo. Mimi mwanamume ninayependa wanaume nilimpelekea Mhunzi makaa, nikampelekea asali, nikampelekea joka zima. Akanijibu, 'Wewe ni kama ndugu yangu.' Ndugu! Baada ya joka! Mimi sina hata marehemu. Awe mwanamume, awe wangu."

Mwajabu akainamisha kichwa. Jibu lile alilibandika ili kujazia nafasi tu.

Kheri akacheka. "Nyie mnataka kupenda. Mimi sitaki mpenzi, sijawahi kumtaka. Lakini lango la mwisho halifunguki mpaka wapendanao washikane mikono. Kila mara nabaki nje na upanga wangu, kama mtu asiye na kadi ya harusi. Mhunzi awe rafiki, anishike mkono tupite."

Mwenyekiti, Bwana Mapunda, akatazama saa. "Kisa kimoja, ampende yeyote atakayekuja. Ajenda ya nne."

"Mwenyekiti," akasema Mwajabu, "anayempenda kila abishaye hodi si mtu tena, ni mlango."

"Milango nayo inahitajika."

"Mimi nataka mtu!" akamaka Koku.

Muhtasari unasema suala lilijadiliwa kwa kina na maridhiano yakafikiwa. Kilichotokea hasa ni kwamba harufu ya pilau ilipanda ngazi, kikao kikavunjika, Mwajabu akabaki na kalamu. Saa nane mwigizaji, aliyeziweza sauti zote mbili, ya kiume na ya kike, akaketi mbele ya maikrofoni, akakohoa, akauliza: "Haya dada, nampenda nani?"

Nanyi mnaosikiliza, msimwachie Mwajabu peke yake. Kati ya aliyefiwa, aliyeitwa ndugu na aliyeachwa langoni, nani alistahili mkono wa Mhunzi?