Farasi Aliyekaa Eda

Paukwa!

"Pakawa!"

Sauti gani hiyo? Nimewaita watoto, wamenijibu mbu. Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya, sasa hata kuni zimesikia. Hapo zamani za kale, farasi walipokuwa wakisema na watu wakiwaelewa, palikuwa na mji uitwao Mvuleni. Katika mji huo aliishi mtu na mkewe. Mtu huyo jina lake Mshamu, mkewe jina lake Mize. Walikuwa na farasi wawili, dume na jike. Dume jina lake Radi, jike jina lake Shani. Mshamu alimpanda Radi, Mize alimpanda Shani. Kila asubuhi walikwenda mtoni, wakawaosha, wakawasugua kwa kumbi la nazi, wakawachokoa kwato, wakarudi. Kesho yake wakaenda tena.

Siku moja Mize hakwenda mtoni. Aliugua, akafa, akazikwa.

Mshamu hakulia. Matanga yalipokwisha alinawa mikono, akaenda bandani, akawapa farasi pumba. Watu wakasema, "Mwanamume huyo! Jiwe!" Mshamu akawashukuru.

Asubuhi iliyofuata akaingia bandani na tandiko begani, ili amtembeze Shani. Shani akanyoosha shingo, akavuta shuka jeupe lililoanikwa dirishani, akajifunika kichwa mpaka puani.

"Rudi na tandiko lako, Mshamu," akasema. "Nimo edani."

"Umo wapi?"

"Edani. Mwenye eda hatoki, hajipambi, wala hapandwi. Na huyo Radi wekeni pazia kati yetu. Si maharimu wangu."

Radi nusura apaliwe na pumba. "Mimi? Mwaka juzi si ulinitafuna sikio humu humu?"

"Mwaka juzi sikuwa na eda."

"Babu," akauliza Shufaa, "kwani Shani alifiwa na mume?"

Ndilo swali la Mshamu hilo, mjukuu wangu. Eda hukaa mke aliyefiwa na mume. Shani hakuwa na mume, na aliyekufa ni mwanamke. Tena, Shani ni farasi! Mshamu aliyapanga makosa hayo kichwani, akaona hoja yake haina tundu. Lakini farasi si kabati, useme nimemweka pembeni, atakaa. Farasi asiyetembea miguu humvimba, tumbo humkaza, akafa. Na Shani ndiye kiumbe pekee aliyeishi na Mize kila asubuhi kama Mshamu alivyoishi naye. Akifa na Shani... Mshamu hakuimaliza fikra hiyo. Aliweka pazia, akatoka mbio kumwita jirani.

Jirani huyo ni Bi Zuwena, mwanamke mwenye ulimi wa kumtoa kobe gandani. Alikuja akicheka, akaingia bandani akicheka, akakaa nyuma ya pazia muda mrefu. Kicheko kikanyamaza. Alipotoka alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mshamu, lete mkeka. Na zile kengele za hatamuni zivue. Mwenye eda havai mapambo."

"Bi Zuwena, yule ni farasi!"

"Ala! Mimi kipofu? Nimeona ni farasi. Lakini amefiwa."

Wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja na mikeka yao. Wakakaa na Shani, wakampa pole, wakamletea uji wa mtama. Shani akaunusa, akaushukuru, akauacha. Je, watoto, alitoka?

"Hakutoka!"

Hakutoka. Miguu yake ikaanza kuvimba. Mshamu akamwendea kadhi wa mji. Kadhi alikuwa mtu wa haki: hakucheka, hakukasirika. Alivaa joho, akaketi upande wa pili wa pazia, akamgeuzia kisogo kwa heshima.

"Bibi Shani," akasema, "eda ni ya mke aliyefiwa na mume."

"Kweli, shekhe. Na mume aliyefiwa na mke?"

"Huyo hana eda."

"Basi hukaa wapi?"

"Hakai. Huendelea na shughuli zake."

"Na kilio chake hukiweka wapi?"

Kadhi akavua kofia, akatazama ndani yake kama mtu aliyekumbuka kwamba huenda alikiweka humo. Akaivaa tena.

"Nimesoma ndoa," akasema, "nimesoma mirathi, nimesoma twahara. Hilo sikulikuta." Kisha akatoka, akamshika Mshamu bega. "Farasi hana eda, Mshamu. Lakini swali analo."

Je, alitoka?

"Hakutokaaa!"

Hakutoka. Sasa miguu yake ilikuwa kama mihogo ya mwaka wa mvua, na tumbo limekaza kama ngoma. Akalala chini, akawa hainuki. Mshamu alipomwona vile akapiga ukelele mtaani: "Jamani, vijana! Asipotembea leo, hafiki kesho!"

Vijana wakaja na machela ya magogo. Wakasema, "Kama hataki kutembea, tutambeba mpaka mtoni. Akiona maji atasimama mwenyewe." Rai nzuri. Lakini kiongozi wao, Makame, kijana wa adabu sana, akasema, "Ngojeni. Mwenye eda haangaliwi na wanaume wa nje." Kweli! Basi wote wakavua vilemba, wakajifunga macho, wakaingia bandani wakipapasa.

"Mimi nimeshika mkia!"

"Mimi nimeshika sikio!"

"Hilo sikio langu, mpumbavu wee!"

"Nimempata! Mnene huyu! Haya, nyanyua!"

Wakanyanyua. Wakapasuka jasho. Wakatoka naye wakiimba, wakagonga ukuta wa Bi Zuwena, wakaomba radhi kwa ukuta, wakaendelea kuelekea mtoni. Walikuwa wamembeba nani?

"Radi!"

Radi! Na Radi alinyamaza kimya. Nani akatae kubebwa?

"Na Mshamu hakuona?" akauliza Kombo.

Mshamu alikuwa jikoni, anamchemshia Shani maji ya tangawizi. Aliporudi na sufuria, pazia limeanguka, Radi hayupo, na Shani yuko palepale chini, anapumua kwa shida. Mshamu akapiga magoti, akaanza kumsugua tumbo kwa kumbi.

"Shani, amka. Utakufa."

"Kwani nani mwingine amekufa?" akauliza Shani.

Mshamu akaendelea kusugua. "Unajua."

"Sijui. Jirani wa mtaa wa pili alipelekewa habari. Shemeji wa ng'ambo alipelekewa habari. Hata muuza maziwa alibishiwa mlango. Mimi niliyembeba mgongoni, niliona mikeka inapita, nikakisia. Kisha wewe ukaniletea pumba."

"Mize hayupo," akasema Mshamu.

"Hilo naliona."

"Ametutoka."

"Hilo alisema muuza maziwa."

Kumbi likasimama. Mshamu akatazama kwato ambazo hakuzichokoa, na udongo uliokauka ndani yake. Ulikuwa udongo wa mtoni, wa siku ya mwisho.

"Shani," akasema, "Mize amekufa. Alikufa alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono."

Akalia. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, kwa kinywa wazi, bila kujali nani anamsikia. Bi Zuwena akasikia, akasema, "Alhamdulillahi, kumbe yumo," naye akalia. Kadhi akasikia chuoni, akafunga kitabu, akalia. Kilio kikapita mtaa hadi mtaa mpaka kikafika mtoni, vijana wakafungua macho wapate kulia vizuri, wakamwona Radi juu ya machela.

"Kwani mmeshachoka?" akasema Radi.

Bandani, Shani alimwacha Mshamu alie mpaka akaishiwa. Kisha akakunja mguu wa mbele, akakunja wa pili, akajikokota, akasimama akitetemeka.

"Kumbe eda imekwisha?" akauliza Mshamu.

"Haijaisha. Lakini mwenye eda huruhusiwa kutoka kwa haja ya lazima, na haja yangu ni kumtembeza mfiwa. Twende. Na tandiko liache."

Wakatoka, farasi na mtu, bega kwa bega, bila hatamu. Shani alichechemea, Mshamu naye akapunguza mwendo. Njiani Mshamu akaanza kumsimulia: Mize alisema nini siku ile, alitaka kunywa nini, alimuulizia nani. Kila alipokwama, Shani alisimama, akamngoja.

"Babu, alimuulizia nani?"

Alimuulizia Shani. Aliuliza kama amekula.

Basi watoto, wazee walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nami naongeza: asipoanza mfiwa, farasi ataanza, na mji mzima utapata kazi.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Nimeivua hatamu, ikale majani.