Nyayo za Ndovu Kwenye Njia ya Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakifagia nyua zao na kufunga milango kwa komeo, kulikuwa na desturi moja. Masika yakiisha, watoto walipelekwa chemchemi ya mlimani, wakaogeshwa, na mkubwa wa ukoo akawapa majina. Mtoto asiyefika alikaa bila jina mpaka mwaka mwingine.

Ukoo mzima ulikwenda pamoja, ukipanda vilima, ukipita msituni, ukishuka mabondeni. Ndovu, mkubwa wa ukoo, alitangulia, Nyati akafuata. Wadogo walikuwa mwisho.

Sasa fikirini njia ya udongo mwekundu baada ya mvua, ambayo Ndovu ameshaipita. Kila unyayo ni shimo, na kila shimo limejaa maji. Mwaka mmoja mtoto wa Digidigi alitumbukia humo, chubwi! Alitolewa akiwa hai, lakini mama yake alirudi naye nyumbani. Mwaka mzima mtoto akaitwa "We."

Siku ya safari ilipofika tena, Digidigi alimwendea Ndovu mapema.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, mwaka huu tuacheni wadogo tutangulie. Nyayo zenu zinatuzamisha."

Ndovu akacheka, masikio yakapiga pwa! pwa! "Mimi nifuate mkia wa digidigi?"

"Na huo mkia wenyewe uko wapi?" Nyati akadakia. "Mbona siuoni!"

Digidigi alimtazama mwanawe. Kisha akasema polepole, "Samahani, Babu. Hebu nikumbushe. Tulipompeleka binti yako kwa mumewe, akina nani walitangulia?"

"Wapiga ngoma na watoto."

"Na bibi harusi?"

"Nyuma kabisa. Mwenye heshima hungojewa."

"Ahaa. Basi asante kwa kuniachia mahali pa bibi harusi."

Ndovu akakunja uso. "Ngoja kwanza! Mwisho ni mahali pangu!"

"Pako tangu lini?" Nyati akafoka. "Wa mwisho ni mimi!"

"Tangulia, Nyati!"

"Tangulia wewe, mzee!"

Wakasukumana, puu! puu! kila mmoja akirudi nyuma. Ndovu akawageukia wadogo. "Nanyi mnangoja nini? Nendeni mbele huko!"

"Mbele kabisa, Babu? Kama watoto wa ngoma?"

"Mbele! Upesi!"

"Haya, kama mmeamua."

Wakaenda, ti, ti, ti. Kilimani nyasi zilikuwa bado zimesimama. Msituni walikanyaga juu ya mizizi. Bondeni udongo uliwabeba kama mkeka, kwa kuwa hakuna aliyeuvuruga. Nyuma yao sauti bado zilisikika: "Tangulia wewe!"

Hatimaye Nyati ndiye aliyeshinda. Akafuata nyuma ya Ndovu kwa maringo, shingo juu, asitazame chini. Walipofika bondeni, chubwi! Mguu wake ukazama katika unyayo wa Ndovu hadi gotini.

"Mzee! Nimekwama!"

Ndovu akarudi kumvuta. Ndipo kwa mara ya kwanza maishani mwake alipotazama unyayo wake mwenyewe. Aliutazama kwa muda mrefu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika chemchemi, matope hadi tumboni. Watoto walikwisha kuogeshwa, wametulia juu ya jiwe.

"Digidigi," Ndovu akasema, "umenidanganya."

"Nimekudanganya, Babu. Asubuhi nilikwambia ukweli, ukacheka."

Ndovu akashusha mkonga wake taratibu, mpaka ukafika kwa yule mtoto.

"Huyu ndiye aliyetumbukia mwaka jana?"

"Ndiye."

"Bado hana jina?"

"Anakungoja wewe."

Ndovu akachota maji, akammwagia mtoto kichwani kidogo kidogo. "Basi," akasema, "ataitwa Tangulia."

Nanyi wanangu, mkiwa wakubwa, kila mpitapo geukeni mtazame mlichowaachia wanaowafuata.