Mzizi wa Mkwakwa

Sogeeni, wanangu. Ijumaa moja ya Rajabu, saa tisa alasiri, Mwanakombo aliingia kichakani pwani kumchimbia mumewe Shelali, aliyekuwa mahututi, dawa ya mizizi mitatu. Zamani hizo mimea ilisema.

"Hodi, mtunguja. Nimetumwa na Shelali."

"Chimba, mama. Mbona wahema kama paa aliyekoswa na mshale?" Akapewa mzizi.

"Hodi, mfudu. Nimetumwa na Shelali." Sange, wale wanyama wadogo wa pua ndefu, wakapisha shinani, akapewa wa pili.

"Hodi, mkwakwa. Nimetumwa na Shelali." Alipochimba, udongo ulirudi wenyewe shimoni.

"Nihurumie, umebaki wewe tu!"

"Acha, mama," mkwakwa akasema taratibu. "Shelali hahitaji tena dawa."

Mwanakombo akapiga magoti pale pale, akaomba: "Ewe Mola, mrehemu Shelali, umpanulie kaburi lake. Amina."