Mng'oa Paka Kucha

"Mng'oa paka kucha, ghalani alale yeye." Mmeisikia leo, wajukuu zangu, Mzee Hamadi alipokuwa akimwambia mwanawe anayetaka kumnyang'anya mlinzi wa shamba panga lake, eti kwa sababu amekata mgomba mmoja kwa makosa. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza paka kaingiaje kwenye habari za mlinzi. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mtondooni, kisiwani Pemba, walikuwako wanawake wawili waliokaa ua mmoja, Bi Chumu na Bi Mize. Bi Mize alikuwa mke wa kaka yake Bi Chumu, na mnawajua mawifi: hata wakipendana, lazima wachokozane. Bi Chumu alikuwa mwepesi, wa kusema na wa kutenda. Bi Mize alikuwa mtaratibu. Ukimuuliza neno asubuhi, anaweza kukujibu baada ya chakula cha mchana. Utaratibu huo ulimchosha sana Bi Chumu, ingawa moyoni alijua kwamba wifi yake akishajibu, huna la kuongeza.

Ua wao ulikuwa na ghala moja la udongo, na ndani yake makanda ya mbegu ya mpunga. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuwa mwaka wao mzima. Panya wakiila, bonde la mpunga halipandwi. Kwa hiyo paka wao mzee alipokufa, walimtafuta mwingine haraka, wakapata dume mchanga, mweusi, mwenye kifua cheupe. Wakamwita Sheha, kama mkuu wa kijiji, maana alipenda kukaa mlangoni na kumkagua kila anayepita.

Sheha alikuwa hodari, lakini alikuwa na balaa lake. Alipenda kunoa kucha kwenye ukindu wa mikeka. Na wakati huo Bi Chumu alikuwa akishona mkeka wa harusi ya binti yake, Riziki. Kwao Mtondooni, mkeka wa bibi harusi hushonwa na mama mzazi kwa mkono wake. Wa kununua ni aibu. Bi Chumu alikuwa ameanza kusuka ukili wake, ile mikanda inayoshonwa kuwa mkeka, tangu Ramadhani, kwa ukindu aliotia zambarau na kijani, na sasa mkeka ulikuwa umebaki mstari mmoja tu.

Asubuhi moja akaukuta umechanwachanwa katikati.

Bi Chumu alilia, jamani. Alipomaliza kulia akafunga leso, akaenda moja kwa moja kumwita Mzee Faki, aliyekuwa akihasi mbuzi na ng'ombe wa kijiji. Mzee akaja na kisu chake na koleo.

"Mhasi, na kucha mng'oe zote," Bi Chumu akamwamuru. "Leo hii hii. Aumie mara moja, yaishe."

Mzee Faki akampakata Sheha, akamgeuza, akampapasa. "Huyu bado mtoto, mwanangu. Kuhasi, ningoje akomae kidogo, nirudi baada ya mavuno. Kucha naweza kung'oa leo, mkitaka."

Bi Mize alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Mzee Faki, nisamehe nikuulize. Kucha hizo zikishang'oka, zinaota tena?"

"Hazioti. Kucha ya paka imeshikana na mfupa. Nikiing'oa, inatoka na ncha ya kidole."

Bi Chumu akautazama mkeka wake, hasira ikampanda upya. "Na mkeka wangu je, utaota tena?"

"Hautaota, wifi. Una haki," akasema Bi Mize. "Lakini tusianze na lisilorudi. Tumng'oe kucha kwa uongo kwanza."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha kaniki na sindano. Akashona vifuko vinne vidogo, akamvisha Sheha miguuni, akavifunga kwa uzi.

"Akae hivi mpaka Ijumaa. Ukimpenda hivi alivyo, Ijumaa Mzee Faki aje amng'oe kweli, nami sitafungua mdomo. Ila mpaka siku hiyo, kazi ya kucha zake uifanye wewe. Ghalani utalala wewe."

Bi Chumu akacheka. "Kulala tu? Hata mwezi nitalala!"

Asubuhi ya kwanza alitoka ghalani ana makapi kichwani na leso yake imeliwa pembe. Sheha alikuwa amelala naye, na hakuwa mvivu. Alimwona panya, akamrukia, akampiga kwa kaniki. Panya akasimama, akamtazama kama mtu aliyeguswa bega sokoni, akaendelea na safari yake.

"Wifi, umeamkaje?" Bi Mize akauliza.

"Salama!" akajibu Bi Chumu, na macho mekundu kama pilipili mbivu.

Asubuhi ya pili, kanda moja lilikuwa limetobolewa na mbegu imemwagika. Majirani wakaanza kupita makusudi kumsabahi yule paka mpya mwenye leso. Bi Chumu akawajibu wote, maana mdomo haukumpungukia. Hata hivyo alipokuwa akizoa ile mbegu, hofu ilimshika. Kanda moja limetobolewa kwa siku mbili. Na kupanda bado.

Alhamisi alasiri alikuwa uani akiushona upya mkeka, akitia kiraka pale palipochanika, paka shume alipoingia. Lilikuwa jibaba lenye sikio lililochanika, linalolala vichakani na kuiba samaki majikoni. Sheha akalizuia njia kama ilivyo kazi yake. Shume likamrukia. Sheha akakimbilia mfenesi, akaruka, akateleza. Akaruka tena, akateleza tena. Basi akageuka, akaupa mti mgongo, akainua mikono yake ya kaniki, akawa anapiga makofi hewani huku damu ikimtoka shingoni.

Bi Chumu hakufikiri. Alichokuwa nacho mkononi ni mkeka, basi akautupa huo huo juu ya shume. Shume likajisokota ndani yake, likaurarua likitafuta pa kutokea, likakimbia. Bi Chumu hata hakuutazama. Alikuwa amepiga magoti, amempakata Sheha, anazikata zile nyuzi kwa meno yake, moja baada ya moja. Kifuko cha mwisho kilipotoka, Sheha akapanda mfenesi mpaka juu.

"Nisamehe, baba," Bi Chumu akamwambia paka. "Nisamehe."

Bi Mize aliyaona yote akiwa mlangoni. Angeweza kusema, "Si nilikwambia?" Mwingine yeyote angesema, hata mimi ningesema. Yeye alikuja akaketi, akaushika mkeka upande wa pili, kisha akasita, kwa kuwa mkeka ule ulikuwa wa mkono wa mama.

"Shona, wifi," Bi Chumu akamwambia. "Kwani wewe si mama yake Riziki?"

Wakashona pamoja. Ijumaa Mzee Faki alipofika na koleo lake, alipewa kahawa na kuambiwa arudi baada ya mavuno kwa lile lingine. Bi Mize akazungushia makumbi gogo la mnazi, akalisimamisha mlangoni mwa ghala, na Sheha akalifanya ndilo pa kunolea kucha. Mavuno yalipopita, Sheha akaanza kukojolea milango na kutoroka kwenda vichakani. Safari hii Bi Mize hakungoja chakula cha mchana. "Sasa ndio wakati wake," akasema, "la sivyo tutakuwa tumelea shume." Mzee Faki akamhasi, kidonda kikapona, Sheha akatulia nyumbani. Akanenepa, lakini panya hawakuliona hilo kuwa nafuu.

Siku ya harusi Riziki aliketishwa juu ya mkeka wenye viraka viwili. Mama mmoja akauona, akamwona na Sheha amejilaza pembeni yake, akaguna. "Chumu, mkeka mzuri hivi! Ulishindwa hata kumng'oa kucha?"

Bi Chumu akamtazama wifi yake, ambaye alikuwa amejiinamia kwenye sinia la wali kana kwamba hayamhusu.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga ngoma, "mimi nilidhani kucha zile zinachana mikeka tu, kumbe ndizo zilizokuwa zikinipa usingizi. Aliyenifunza ni huyu hapa, na hakunipigia hata kelele. Mng'oa paka kucha, ghalani alale yeye."