Nta Kwenye Bakuli la Maji

Wamepokezana wasimulizi wa habari za waja wema, mmoja kutoka kwa mwingine, kwamba zamani palikuwa na mji mdogo katika nchi ya milima mikavu, ukiitwa Wadi Nasira. Mji huo haukuwa na ngome wala sultani wa kutajwa. Ulikuwa na chemchemi moja chini ya mlima, na watu waliojua kugawana maji. Nami nasema, kwa fahari nisiyoiombea radhi, kwamba kujua kugawana maji ni elimu kubwa kuliko kujenga ngome.

Ugawaji wao ulikuwa hivi. Mahali mfereji mkuu unapoanza palikuwa na birika la mawe lililojaa maji, na juu ya maji hayo likielea bakuli jembamba la shaba lenye tundu dogo kwenye kitako. Maji yaliingia tunduni kidogo kidogo mpaka bakuli likajaa na kuzama. Likizama, zamu moja imekwisha. Mwenye haki ya mabakuli kumi aliachiwa mfereji mpaka bakuli lizame mara kumi, na mwenye haki ya mawili, mara mbili. Zamu zote za mashamba zilifungwa jua la Alhamisi linapozama, kwa sababu kuanzia hapo maji yaliachwa yaende msikitini na majumbani. Ambaye jua limemzamia kabla ya kupata, basi tena, angoje juma lijalo.

Na walikuwa na adabu moja ambayo sijaisikia kwa watu wengine. Anayengoja zamu yake aliketi akiwa amelipa bakuli kisogo. Kulitazama bakuli kulikuwa kama kumwambia mlinzi wake usoni kwamba humwamini. Hata watoto wadogo walifundishwa hivyo, wakipita penye birika wanageuza nyuso.

Mlinzi wa bakuli katika siku hizo alikuwa mwanamke, Bi Unaisa binti Wahbi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliachiwa amana hiyo na baba yake, na ujira wake ulikuwa bakuli moja la maji kila asubuhi ya Jumamosi, la kunyweshea mitende yake mitatu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwingi wa kufunga na mwingi wa kunyamaza. Duniani alikuwa na tamaa moja tu, nayo ni kuiona Kaaba kabla macho hayajazimika. Kila mwaka misafara ya mahujaji ilipita chini ya bonde, naye alisimama barabarani akiwapa maji ya kunywa na kuwaomba wamtaje huko waendako. Kisha alirudi nyumbani akilia.

Katika mji huo alikuwapo pia tajiri, Ghasani bin Mutrifu. Sitaki mumdhanie zimwi. Alikuwa mtu wa kuswali safu ya mbele, mcheshi, mkarimu wa futari. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alichokuwa nacho alikiona ni nusu ya anachostahili. Alipanda miwa, na miwa ni mimea yenye kiu isiyo na haya. Mtu akiuguliwa na mke au akifiwa na ngamia, Ghasani alifika na pole na akaondoka na zamu ya maji ya mtu huyo, ameinunua kwa bei ya kutupa. Haikupita miaka kumi, waliokuwa na mashamba ya shayiri wakawa wanakata miwa ya Ghasani kwenye ardhi zilizokuwa zao. Salamu kati ya majirani zilipungua, na watu waliooana wao kwa wao wakaanza kupigania makapi ya miwa kwa ajili ya mbuzi.

Kisha kuchemsha maji ya miwa mpaka yawe sukari kunataka kuni, na kuni zilikuwa mlimani. Wakataji wake wakapanda na mashoka. Mikunazi ikaanguka, mizeituni ya mwituni ikaanguka, mpaka mlima ukabaki na upara. Mvua iliyozoea kunywewa na mlima taratibu sasa iliteremka kwa fujo, ikachukua udongo, ikapita zake. Chemchemi iliyokuwa nene kama paja la mtu ikawa kama kifundo cha mkono. Watu walisema ni kadari. Mimi nasema kadari inasingiziwa mengi.

Basi ikawa mwaka huo maji hayatoshi hata miwa. Asubuhi moja ya Jumatatu Ghasani akaenda kwa Bi Unaisa, akakaa mkekani kwa heshima.

"Bi Unaisa," akasema, "mwaka huu nimeazimia kumpeleka mtu Hija kwa mali yangu. Mpwa wako atafuatana nawe awe maharimu wako. Ngamia wawili, chakula, ihramu yake na nguo zako. Msafara unapita baada ya siku kumi na mbili."

Bi Unaisa akashika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili.

"Sitaki malipo," akaendelea Ghasani. "Ila miwa yangu inakufa. Katika zamu yangu ya Alhamisi, weka nta kidogo kwenye tundu la bakuli. Kidogo tu, kama yai la sisimizi. Bakuli litachelewa kuzama, nami nitapata maji ya kuokolea miche. Zamu yangu ikiisha, uitoe. Nani atajua? Hakuna anayelitazama."

"Na wa nyuma yako?" akauliza Bi Unaisa.

"Wa nyuma yangu ni Hudhaili peke yake. Mabakuli mawili! Na Mungu ni mwenye kuruzuku."

Ndugu zangu, laiti ningewaambia kwamba mja mwema yule alimfukuza palepale! Hadithi ingekuwa fupi na tamu. Lakini aliyetusimulia alikuwa mkweli, nami sina ruhusa ya kuipaka rangi. Bi Unaisa hakumfukuza. Alisema, "Nipe siku nifikiri," na siku tatu zile hakula akashiba. Alijiambia kwamba ni Alhamisi moja tu. Alijiambia kwamba Hija ni nguzo. Alijiambia kwamba Ghasani ndiye mwenye dhambi, yeye ni mkono tu. Tamaa ya mtu mchamungu ndiyo mbaya zaidi, maana huja imetawadha.

Alhamisi ikafika. Zamu ya Ghasani ilipoanza, Bi Unaisa aliinamia birika, akabandika nta kwa kidole chake, akaliachia bakuli. Likaelea. Likakaa na kukaa. Maji yakatiririka kwenda kwenye miwa.

Alasiri akaja Hudhaili, mfuma mikeka, jembe begani. Alikuwa na kijishamba cha shayiri, watoto watano na mama mgonjwa. Shayiri yake wakati huo ilikuwa inaweka maziwa ndani ya punje, na hapo ikikosa maji, hutoa masuke matupu kama mabua. Hayo Bi Unaisa aliyajua. Hudhaili akatoa salamu, akaketi, akalipa bakuli kisogo, akawa anafuma ukili huku akingoja.

Bi Unaisa akaitazama shingo ya mtu yule na mgongo wake wenye viraka. Mara mbili alinyoosha mkono kuitoa nta, na mara mbili akaiona Kaaba, akaurudisha mkono. Bakuli la mwisho la Ghasani lilipozama, jua nalo lilikuwa limezama.

Hudhaili akasimama, akakung'uta kanzu yake, akatazama magharibi. Hakulitazama bakuli.

"Jua limewahi leo, mama," akasema. "Au sisi tulichelewa kuanza. Alhamdulillahi. Uwe na usiku mwema."

Akachukua jembe lake akaenda. Laiti angetukana! Laiti angeuliza swali moja tu! Mtu aliyeibiwa alilishuku jua kabla ya kumshuku yeye. Bi Unaisa aliketi chini pale penye birika, na machozi aliyolia siku hiyo hayakuwa yale ya kuwaaga mahujaji.

Kesho yake, Ijumaa, watu walipomaliza kuswali, wakamkuta Bi Unaisa amesimama uani kwa msikiti, bakuli la shaba mkononi. Akaomba idhini ya kusema, na imamu akampa.

"Enyi watu wa Wadi Nasira," akasema, "jana niliweka nta kwenye tundu la bakuli hili. Maji ya Hudhaili nimeyaiba. Jua halikuwahi. Ni mimi."

Ghasani alikuwa hapo hapo safu ya mbele, uso umemwiva, akingoja jina lake litajwe mbele ya mji mzima.

Imamu akauliza, "Nani alikutuma, binti Wahbi? Zamu iliyorefushwa tunaijua ni ya nani."

"Kidole kilikuwa changu, Sheikh. Wa kidole kingine ajisemee mwenyewe mbele ya Mola wake. Mimi nimekuja kujisemea." Akaliweka bakuli chini, mbele ya miguu ya watu. "Amana hii siifai tena. Tafuteni mwingine."

Hakuna aliyeinama kulichukua. Wakatazamana. Ndipo Hudhaili akapenya katikati ya watu, akaliokota, akalipangusa vumbi kwa kanzu yake, akamrudishia.

"Mimi sijapata kusikia mwizi anayejipigia mbiu," akasema. "Kama tutamwondoa huyu, tumweke nani? Yule ambaye hajakamatwa?" Watu wengine wakacheka, wengine wakainamisha vichwa. "Lakini sikiliza, mama. Dhambi nimekusamehe, mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Maji sijasamehe. Shayiri yangu haili msamaha. Maji yangu nayataka."

Wallahi mahali hapa katika kisa hiki hunitoa kifua mbele. Maskini aliyesamehe na bado akadai haki yake, kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele na bila kujidhalilisha! Wako watu siku hizi wanaomwambia mnyonge kwamba subira ni kunyamaza. Hudhaili alikuwa mtu wa subira, na hakunyamaza.

"Utayapata," akasema Bi Unaisa. "Bakuli langu la kesho ni lako, na la Jumamosi ijayo pia."

Asubuhi ya Jumamosi akafungua mlango wa mfereji kuelekea shamba la Hudhaili. Mitende yake mitatu ikabaki na kiu, nayo ilikuwa na matunda machanga. Maji yakaingia kwenye shayiri, lakini yalikuwa machache, na bakuli likazama wakati nusu ya shamba bado ni vumbi. Nusu ile isingefika Jumamosi nyingine, na wote wawili walilijua hilo. Bi Unaisa akasimama kwenda kuufunga mlango, kwa kuwa zamu iliyofuata ilikuwa ya Ghasani.

Akamkuta Ghasani mwenyewe amesimama kwenye mfereji. Siku zote alituma wafanyakazi. Siku hiyo alikuja peke yake, kanzu ameipandisha magotini, jembe mkononi, na alilishika vibaya kama mtu asiyelizoea.

"Acha mlango," akasema.

"Zamu ni yako, Bwana Ghasani."

"Najua ni yangu. Acha yaende kwa Hudhaili."

"Haki yake iliyobaki ni juu yangu," akasema Bi Unaisa. "Nitamlipa Jumamosi ijayo. Usinibebee."

Ghasani akainama, akawa anatazama maji yanavyopita kati ya miguu yake.

"Wewe umeanza kulipa lako," akasema. "Mimi langu sijalianza."

Akashika jembe, akaingia shambani kwa Hudhaili, akawa anayaongoza maji kwenye matuta yaliyokauka, na Hudhaili akimwelekeza, maana alikuwa akibomoa matuta mengi kuliko aliyoyajaza. Siku ile maji yalifika mpaka suke la mwisho. Jioni Ghasani alirudi nyumbani na malengelenge mikononi, na inasemekana aliwaonyesha wanawe kama mtu anayeonyesha pete.

Wako wanaosema ilikuwa aibu tu, si uongofu. Mimi sibishani nao. Najua kwamba baada ya mavuno alirudisha zamu za maji kwa wale aliowachukulia kwenye shida zao, akazima matanuri ya sukari, na akapanda mlimani na watu wake kuotesha mikunazi. Hapo alijifunza jambo ambalo tajiri hulijua akiwa amechelewa. Haki ya Hudhaili ililipika kwa siku moja, lakini mlima haukulipika. Miche mingi ilikufa, akaotesha tena, ikafa tena. Chemchemi haikurudi kuwa nene katika uhai wake. Ilirudi katika siku za wajukuu zake, ambao waliikuta mikunazi imesimama na wakadhani iliota yenyewe.

Na Bi Unaisa? Makka hakufika. Ghasani alimwomba sana aende kwa mali safi, naye akasema, "Mwakani, in shaa Allah, nikimaliza kumwelekeza mlinzi wa kunirithi." Mwakani haikumkuta. Alizikwa karibu na mfereji, na watu wote wa mji, wa miwa na wa shayiri, walilibeba jeneza lake kwa zamu.

Tunapowataja waja wema wa zamani tumezoea kuwafanya malaika, ili tupate udhuru wa kutofanana nao. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa mwanamke aliyeiba maji Alhamisi, Ijumaa akasimama mbele ya mji wake akakiri, na Jumamosi akaanza kuyarudisha. Mimi najivunia kuwa wa umma uliozaa mtu kama huyo, kuliko ninavyojivunia majumba yote yaliyojengwa kwa jina letu. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye, amrehemu Hudhaili aliyedai chake bila kutukana, na amrehemu Ghasani aliyechelewa kuanza lakini akaanza. Na sisi tulio hai atupe ulimi wa kusema "ni mimi" kabla hatujaulizwa.