Siku Mashavu Alipoita Chunusi

Paukwa!

Pakawa!

Kibibi, toa kidole usoni. Nimekuona. Haya, sikilizeni.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja kipofu na binti yake wa pekee, jina lake Mashavu. Mama hakuwahi kumwona mwanawe. Alimjua kwa vidole. Kila jioni Mashavu akirudi kutoka mtoni, mama humpapasa shavu hili na shavu lile, kisha husema, "Ndiye. Huyu ndiye wangu." Hapo ndipo wanapokula.

Basi Mashavu akavunja ungo. Uso ukaanza kutoa mafuta, ukang'aa kama sufuria ya maandazi. Chunusi zikamjaa kwenye paji, puani na kidevuni. Akizitumbua, zinazaliana. Akasugua kwa ndimu, uso ukawaka moto. Akasugua kwa mchanga, ukachubuka.

Mama akamwekea karai la maji mlangoni. "Nawa asubuhi na jioni, usitumbue, subiri. Mimi na shangazi zako tulikuwa nazo, zikaondoka."

"Nisubiri mpaka lini, mama?"

"Mpaka ziondoke."

Mashavu hakuwa na subira hiyo. Huko mtoni wenzake walimwita Uso wa Fenesi, wakacheka mpaka mitungi ikawamwagikia.

Siku moja akabaki peke yake penye maji marefu. Akajitazama majini, akalia. "Chunusi, una nini na mimi? Chunusi, una nini na mimi? Chunusi, una nini na mimi?"

Masikini, alisahau kwamba kuna chunusi za usoni, na kuna Chunusi lile zimwi la majini, linalovuta watu miguu. Maji yakatibuka, likatoka.

"Nani ananiita mara tatu?"

"Sikukuita wewe. Nasema hizi za usoni."

"Jina ni moja. Ukiliita, aliye karibu huitika." Zimwi likamnusa. "Mafuta mazuri haya. Nikulambe?"

Mashavu akauliza, "Zitaondoka?"

"Zitaondoka."

"Basi lamba."

Likalamba mara ya kwanza, mafuta yakaisha. "Niongeze?"

"Ongeza."

Likalamba mara ya pili, chunusi zikaisha. Hapo ndipo pa kushukuru na kukimbia. "Niongeze?"

"Ongeza."

Likalamba mara ya tatu, likaondoka na kishimo cha shavuni, na kovu la tetekuwanga, na umbo la pua aliyorithi kwa baba yake. Uso ukabaki laini kama yai.

Jioni mama akampapasa. Vidole vikasita. "Wewe si mwanangu."

"Mama, ni mimi."

"Sauti ni yake. Lakini mazimwi huigiza sauti, kila mtoto analijua hilo. Uso hawauwezi. Wewe si mwanangu."

"Mama, nipapase tena."

Akapapasa tena. "Wewe si mwanangu," akasema, akafunga mlango.

Mashavu akarudi mtoni akiomba uso wake. Zimwi likamjibu kutoka chini, "Nilichokula nimekula."

Basi asubuhi akabadili sauti yake mwenyewe, akabisha hodi kama mpita njia. Mama akamkaribisha. "Kaa, mgeni, unitekee maji. Mwanangu atarudi."

Akakaa. Kila jioni mama alijaza karai, akaliweka mlangoni. "Hili la Mashavu. Akirudi atanawa. Zile chunusi zingeondoka zenyewe, mgeni. Sijui kwa nini hakunisikiliza."

Na kweli, wale waliomcheka nao waliota chunusi. Wakanawa, wakasubiri, zikaondoka kabla ya mavuno ya pili.

Miaka ikapita, mama akaugua. Siku ya mwisho akauliza, "Mgeni, karai lina maji?" Nikamwambia lina maji. Akafia mikononi mwangu, akiniita mgeni.

Ndiyo, nimesema mwangu. Mnaniuliza siku zote kwa nini bibi yenu hana kikunjo hata kimoja usoni. Leo nimewajibu. Ningepewa chunusi zangu zote leo, pamoja na vidole vya mama juu yake, ningezipokea. Ninajuta, wajukuu zangu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Funzo lake ni hili: uso wako unao wenyewe wanaoujua, na kitakachoondoka chenyewe kisikutoe kwenu. Subira huvuta heri.

Kibibi, karai liko mlangoni. Nenda kanawe, kisha uje nikupapase.