Kisu cha Mheshimiwa Kiboko

— Nina uongo, jamani!

— Ushushe!

— Mbichi au uliopikwa?

— Wowote, tuna njaa!

Basi kaeni. Kulikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, makazi yake mwambani. Pimbi huyu alikuwa na digrii ya mambo ya vyuma, first class kabisa, na kazi hana. Digrii yenyewe alikuwa anaikalia, mwamba usimchome makalio. Watoto wake walishinda wakilia njaa, naye akiwaambia, "Tulieni, kuna mahali baba yenu ameomba."

Huko chini, kando ya mto, kulikuwa na shamba la matikiti maji. Nyati alilima. Swala alilima. Pimbi alilima kwa vikucha vyake. Kiboko hakulima, Kiboko alikuwa chairman. Matikiti yalipoiva, chairman akatoka mtoni, mburururu, akatangaza:

"Marufuku kula tikiti kwa meno! Ni ushenzi. Tikiti litakatwa kwa kisu. Na kisu kitakuwa kimoja tu, changu. Fundi yuko wapi?"

Wakamsukuma Pimbi mbele.

"Wewe una experience?"

"Nina digrii, bosi."

"Sikukuuliza ugonjwa wako. Haya, nitengenezee kisu cha kukunja. Utalipwa exposure."

Pimbi akawafikiria wanawe. Akafungua mfuko wake wa vyuma.

"Hiki ni chuma cha springi ya lori, bosi. Kinashika makali, kinanoleka upesi. Ila maji yakikigusa, kutu."

"Watu wadogo wanacho?"

"Wanacho, bosi."

"Tupa kule!"

Pimbi akatupa kule. Kwaa!

"Hiki kimetoka kwenye tupa kuukuu. Kigumu, kinakata mpaka kivuli. Ila kikiangukia jiwe kinavunjika kama biskuti."

"Watu wadogo wanacho?"

"Wanacho, bosi."

"Tupa kule!"

Pimbi akatupa kule. Kwaa!

"Hii ni stenlesi. Kuinoa ni kazi, lakini hata ukilala nayo mtoni haishiki kutu haraka."

Kiboko akaiinamia. Akajiona humo: pua, masikio, vinyweleo vyote.

"Wacha wee! Handsome! Hii ndiyo quality. Sasa mpini."

"Kuna pembe ya ng'ombe, bosi. Inapendeza, ila ikishinda majini inajipinda."

"Watu wadogo wanayo?"

"Mpaka mbuzi anayo ya kwake."

"Tupa kule!"

Kwaa!

"Kuna mpingo. Mweusi, mzito, maji hayauingii kirahisi. Ukiupiga msasa unang'aa kama kiatu cha waziri."

"Piga msasa mpaka nzi ateleze!"

Tuseme haki: Kiboko alichagua vizuri. Hata profesa angempa alama zote. Lakini Pimbi aliitazama miguu ya Kiboko, minene kama vinu, akajikuna, akauliza kwa upole:

"Na pa kukifungulia, bosi? Tupaweke vipi?"

"Hayo madogo madogo malizana nayo wewe! Mimi naangalia big picture."

"Sawa, bosi. Madogo niachie mimi."

Sasa, Pimbi ana ukucha mmoja mrefu kwenye mguu wa nyuma, wa kujikunia viroboto. Akarudi mwambani, akashika tupa, kere-kere-kere, akachonga kwenye bapa la kisu kijishimo cha kuingizia ukucha. Akakipima kwa ukucha ule ule, chembamba, na si zaidi. Springi ya ndani akaikaza mpaka ikalia. Akakikunja. Ta!

Siku ya kukata ikafika. Wanyama wote wakajaa shambani, matumbo yakinguruma kuliko hotuba. Pimbi akamkabidhi Kiboko kisu, kisha akamnong'oneza:

"Bosi, tangaza kabisa mgawaji ni nani, hawa wasije wakadai haki. Ila ukisema ni wewe, watasema unajipendelea. Sema ni atakayekifungua kisu. Si kisu chako?"

"Kumbe una akili, na digrii yako hiyo!" Kiboko akapanda kichuguu. "Sikilizeni! Atakayekifungua kisu hiki ndiye mgawaji. Asiyeridhika, mtoni kule, tukutane!"

Wakapiga makofi, maana wangefanya nini?

Kiboko akakanyaga kisu afungue. Kikateleza, nyiri! Akakikanyaga tena. Nyiri! Akakitia mdomoni, kikapotea humo kama punje ya mtama pangoni. Akakitema, pwaa! Kimefungwa vile vile, kinang'aa.

"Mzee, kuna shida?" akauliza Nyati.

"Shida gani? Kisu kipya lazima kizoeane na mwenyewe!"

Nyiri! Nyiri! Jasho likamtoka. Mwishowe akaligeukia tikiti, akapanua mdomo.

"Aa, aa, mheshimiwa!" Nyati akashusha pembe, na Tembo akasogea. "Meno ni ushenzi. Si umesema mwenyewe?"

Kiboko akafunga mdomo. Pimbi akachechemea mbele, akainua mguu wa nyuma mbele ya wakubwa wote, bila haya, akachomeka ukucha.

Ta!

Kisu kikafunguka. Shamba zima likapiga vigelegele. Pimbi akakata, faa! Swala, chukua. Faa! Nyati, chukua. Faa! Watoto wa Pimbi wakazamisha nyuso, maji mekundu mpaka kifuani, wakasahau hata kulia. Kila aliyelima akapata.

"Na mimi je?" akauliza Kiboko.

"Wewe ulilima wapi, bosi?"



Pimbi akapangusa kisu, akakikunja, akamrudishia kwa mikono miwili kwa heshima zote. "Mali yako, mheshimiwa. Sisi si wezi."

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anapanua mdomo vile. Mnadhani anapiga miayo? Anatafuta pa kufungulia.

Uongo wangu nimeutua hapa. Mwenye mbeleko aubebe.

Na somo lake ni hili, wanangu, lishikeni: ukitaka kisu cha kukunja, angalia chuma, angalia mpini, basi. Mengine ni porojo za wasio na kazi. Kiboko alifanya hivyo hivyo, na kisu chake mpaka leo ni kipya, hakina hata mkwaruzo.